Nyasi za Kutandika

Waliponichagua mwenyekiti wa kamati ya kinamasi, mimi mwenyewe nilipendekeza adhabu: atakayekutwa na nyasi za kule chini, hata unyasi mmoja, atapanda mafunjo ukingoni kutwa nzima. Watu walinung'unika. Niliwaambia ziwa linarudi nyuma kila mwaka na korongo wenye taji hawana tena pa kutagia. Nikishika neno sibanduki, na najua wananisema.

Sikujua kwamba wa kwanza kunitia majaribuni atakuwa mama yangu.

Mama yangu, Stephania, alikuwa haoni tena, na tangu mvua za vuli zianze hakutoka kitandani. Asubuhi moja akaniambia, "Placidia, nyumba haijatandikwa. Nitaondokaje kwenye sakafu tupu?"

Zamani hapa kwetu Rugu, wageni wakitarajiwa, sakafu ilitandikwa nyasi mbichi za kinamasi, nyumba nzima ikanukia maji. Siku hizi tuna saruji. Nilijua ni mgeni gani anayemngoja.

"Mama, nyasi zile zimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alicheka mpaka akakohoa.

Kukata sikuweza, kumnyima sikuweza. Basi nikaona kama nyasi haziwezi kupanda kwake, yeye atashuka kwenye nyasi. Nikawaita majirani, Nolasco na Evaristi, wakaleta machela ya kijiji. Tukamlaza mama, nikamfunika shuka jeupe gubigubi asichomwe na jua, tukashika njia kati ya migomba.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu machela ikipita na shuka jeupe hakuna anayeuliza. Jirani yetu Mackrine aliacha kumenya ndizi akaanza kulia. Wanaume wakavua kofia. Tulipofika kwenye mibuni ya mwisho, nyuma yetu walikuwa watu kama ishirini wanaimba wimbo wa mazishi, na mmoja ana jembe begani.

Mama akafunua shuka. "Mnamzika nani?"

Mackrine alikaa chini papo hapo, kisu mkononi. Nolasco nusura aiachie machela.

Hakuna aliyerudi nyumbani. Walitusindikiza kimya hadi pale ardhi inapoanza kubonyea. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mafunjo, na ziwa halikuonekana lilipoishia wala mbingu ilipoanzia. Tulimlaza mama juu ya nyasi. Alizipapasa, akazinusa, akaanza kuzungumza na marehemu mama yake, akimwambia asiende mbali, maji yamefika magotini. Nilitazama miguu yangu, nikaona kweli maji yamepanda, au labda ni mimi niliyezama. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka nilikuwa na furaha ya mtoto aliyebebwa.

Korongo wawili wakatoka kwenye ukungu, wakakunjua mabawa.

"Mama, wanacheza," nikamnong'oneza.

"Najua. Wa kushoto ndiye anayeanza."

Na kweli wa kushoto ndiye aliyeanza.

Jioni, nyumbani, nilipomfungua kilemba nimpanguse uso, nyasi zilidondoka kwenye mto wa kulalia. Konzi nzima, mbichi.

"Mama!"

"Tandika," alisema, macho amefumba.

Nilitandika. Zilitosha hatua mbili tu, kutoka kitandani kuelekea mlangoni. Akataka nimshushe, akazikanyaga kwa nyayo zote mbili, huku ameniegemea begani, mwepesi mno.

"Sasa waje," akasema.

Alifariki siku ya tatu. Kesho yake baada ya mazishi, kabla hata majirani hawajamaliza matanga, nilichukua jembe nikashuka kinamasini. Nilipanda mafunjo tangu asubuhi, nalia na kupanda. Evaristi alinikuta nimezama matopeni hadi magotini, akauliza mwenyekiti amekosa nini.

Nikamwambia mama aliiba nyasi, na nyumba ilitandikwa.