Punje za Bega la Kahaso

Asubuhi ya Ijumaa Fondo aliketi kwenye ngazi ya nyuma ya jikoni, akaikunja bunduki ya upepo katikati, akatia punje moja ya risasi nyuma ya mtutu na kuinamisha mdomo wa bunduki kidogo. Punje iliteleza mtutu mzima bila kugusa kitu, ikatumbukia kwenye kikombe chake cha chai. Akaiopoa kwa kidole, akaifuta kwenye shati, akajaribu nyingine. Nayo ikafuata njia ile ile.

Bunduki ilikuwa na umri mkubwa kumshinda Fondo. Mzungu wa kwanza kumiliki nyumba hizi za wageni, hapo Tiwi, aliileta ndani ya sanduku la mbao, na alipokufa ikabaki ukutani pamoja na mapazia yake. Kitu kikongwe kina masharti. Mtutu wake ulikuwa mpana kuliko wa bunduki za siku hizi, mpana kwa unywele tu, na ulitaka risasi laini yenye kiuno chembamba, inayojaa vizuri upepo unapoisukuma. Fondo alikuwa amezitafuta Mombasa, duka kwa duka. Alimwendea hata fundi wa baiskeli wa Kombani, ambaye aliutazama mtutu kwa miwani na kumshauri anunue manati. Nyembamba zilidondoka. Nene zilikwama, akashinda kutwa akizisukuma kwa ufito. Alijaribu kuzipaka nta, akajaribu kuzifunga uzi, na tumbili wakakaa juu ya paa wakimtazama kama wazee wa baraza.

Kitheka, meneja aliyetoka bara, alitokea mlangoni na sahani tupu.

"Fondo, wamebeba mkate wa wageni tena. Boss amesema hiyo bunduki ikinyamaza, wewe pia uende home. Ataweka fensi ya stima."

"Nitapata, Bwana Kitheka. Leo ni Ijumaa."

Kitheka hakuuliza Ijumaa ina nini. Tiwi nzima ilijua.

Fondo alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na robo kilo ya sukari ndani ya karatasi, akafuata ua mpaka kwa Kahaso. Haikuwa mbali. Mikorosho iliyokuwa ndani ya ua ilipandwa na marehemu mumewe Kahaso, kabla ua haujawa ua. Ulipojengwa, nyumba ya Kahaso ilibaki nje na mikorosho ikabaki ndani, na kwa miaka mingi kila msimu mama huyo alipita palipotoboka, akaokota korosho zake, akarudi. Hakuna aliyemsemesha mpaka Fondo alipoajiriwa kufukuza tumbili.

Siku moja Fondo aliona leso yenye maua mekundu imeinama chini ya mkorosho. Aliiona vizuri. Baadaye alisema alidhani ni tumbili, lakini tumbili havai leso, na Fondo hakuwa kipofu. Alitaka kumtisha tu. Punje, ya mwisho kati ya zile alizoacha Mzungu, ikaingia chini ya bega la kulia. Fondo akatupa bunduki, akakimbia, akampakata yule mama na kumwuliza, "Mama, nani amekufanyia hivi?"

Kahaso alimtazama, kisha akasema hajui. Swali hilo ndilo lililomkosesha Fondo usingizi. Kwa risasi angeweza kuusingizia mkono. Swali lilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Kwenye zahanati muuguzi aliitoa punje, akashona. Ijumaa iliyofuata kidonda kilifunguka, kikatoa punje nyingine. Ijumaa ya tatu zikatoka nne. Muuguzi aliziandika daftarini mpaka safu ikajaa, akamwambia Kahaso asiwe anakuja kwa jambo ambalo halina nafasi kwenye fomu. Tangu hapo zilitoka nyumbani, saba au nane kwa juma, laini, zenye kiuno, zikiuenea mtutu wa ile bunduki sawasawa. Fondo aligundua hilo siku aliyokwenda kumjulia hali. Aliomba moja tu, ajaribu.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti, zinakaribia."

Kahaso alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameifungua leso begani. Chini ya bega paliwekwa kisahani cha chai. Kando yake alikuwapo Bibi Mwanatumu, mganga, akichambua mchicha, maana alikuja kama jirani. Punje ya kwanza ikatokeza, ikadondoka: ti. Fondo alitazama ukuta.

"Mkono umeanza kufa," alisema Kahaso kwa sauti ya kawaida. "Jana niliinua sufuria, nikanusa nyama inaungua. Kumbe ni vidole vyangu."

Fondo akaiweka ile sukari kando ya kigoda.

"Dawa yake naijua," alisema Mwanatumu, bila kuacha mchicha. "Hakuna mzizi hapo. Ni kuhatsa tu."

Fondo naye aliijua, kama kila mtu aliyelelewa upande ule. Aliyemkosea mwenziwe hupiga funda la maji, akampulizia kifuani, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake. Haihitaji mbuzi wala shahidi. Kidonda hufunga siku hiyo hiyo.

"Na kikifunga," aliuliza Fondo, "hizi punje?"

"Zitatoka wapi tena?" alisema Mwanatumu.

Punje ya saba ikadondoka. Kahaso alinyoosha mkono wa kushoto, akateka maji mtungini kwa kata, akampa. Hakusema ya nini. Fondo akaipokea kwa mikono miwili, akapiga funda. Maji yalikuwa baridi na yalimjaa mashavuni. Kahaso aliishusha leso kidogo, akakaa sawa, akamwinulia kifua. Macho yake hayakuwa na hasira, na Fondo aliona afadhali yangekuwa nayo. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Yalikuwa tayari nyuma ya maji.

Ng'ambo ya ua bati lilisikika likikanyagwa, kisha sauti ya Kitheka ikiita, "Fondo! Wamerudi!"

Fondo akayameza maji.

Mwanatumu aliendelea kuchambua mchicha. Kahaso akaifunga leso yake.

"Ongeza, mwanangu," alisema. "Jua la leo ni kali."

Akanywa tena, akashukuru, akazimimina punje mfukoni. Kwenye ngazi ya jikoni aliikunja bunduki, akatia moja. Ilikaa ndani ya mtutu kana kwamba ilizaliwa humo, na alipoinamisha bunduki haikusogea. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na tumbili hata mmoja juu ya paa. Kitheka akasema kazi ni safi.

Ijumaa iliyofuata Fondo alipeleka nusu kilo ya sukari badala ya robo. Kahaso aliipokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa haunyanyuki tena, akamwomba radhi kwa kukosa adabu.