Deki ya Kumwona Nyangi

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe sita Novemba mwaka 2024, saa kumi na robo alasiri. Clementi anaikumbuka hata ile robo, kwa sababu mtu aliyeonewa hasahau saa. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Uliporudi pale kijijini Mugeta haukurudi kama mgeni anayebisha hodi, uliingia kama fahali aliyekata kamba. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe, ikapasuka. Televisheni ilikohoa mara moja tu. Deki ya kuchezea sidii iliyokuwa chini yake ikatoa moshi mwembamba wenye harufu ya kwato iliyoungua.

Alivitia vyombo vyake kwenye gunia akaenda navyo Bunda, kwenye ofisi ya umeme. Akapewa fomu ya kudai fidia. Shule yeye aliishia darasa la tatu, kwa hiyo dada wa dirishani akamjazia, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Alirudi mara nne. Mara ya nne fomu yenyewe haikuonekana, na dada wa dirishani alikuwa kahamishwa.

Clementi hakushangaa. Yeye wenye vyeo wote aliwaitaga wakubwa, kuanzia mwenyekiti wa kitongoji mpaka huko juu asikokujua. Wakubwa ndio walioshusha bei ya pamba. Wakubwa ndio walioleta dawa ya wadudu wakati wadudu wameshashiba. Na wakubwa ndio waliosema gari la wagonjwa halina mafuta, siku ile mkewe Nyangi alipokuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Miaka miwili kabla ya ule umeme, Nyangi alizikwa nyuma ya nyumba, na tangu hapo Clementi hakuwa na neno zuri kwa mtu mwenye cheo. Hata kwa Bernado, kaka yake Nyangi, aliyekaa Butiama na aliyekuwa na kiti wilayani. Siku ile ya gari la wagonjwa alimpigia simu Bernado, Bernado akasema analishughulikia. Mpaka Nyangi anakata roho, alikuwa bado analishughulikia. Clementi hakukanyaga tena kwake.

Basi, deki imekufa, na sidii zake kumi na moja zimebaki kwenye kopo la biskuti. Mwezi wa tano mtama ulipoanza kukomaa, ndege walishuka kama mvua. Clementi akafanya wanachofanya watu wote wa pande zile: akazitunga zile sidii kwa kamba, akazitundika shambani juu ya miti, jua lizipige zimetemete, ndege waogope. Ndege waliogopa siku tatu. Siku ya nne walikuwa wanakaa juu ya miti yenyewe wakijitazama.

Mwezi wa saba, pamba imeuzwa, bintiye Eufrasia akampigia kutoka Musoma. Eufrasia alipanga Kigera, anauza samaki wa kukaanga. Katika maongezi akasema kuna jambo linamsumbua: ameanza kuisahau sura ya mama. Picha aliyonayo ni ile ya kitambulisho tu, na pale mama ameangalia kama mtu aliyekamatwa na mgambo.

"Lakini baba," akasema, "si tuna ile sidii ya harusi ya Diana? Mama yumo mule."

Diana ni binti yake Bernado. Aliolewa Butiama miaka mitano iliyopita, na Nyangi, shangazi wa bibi harusi, alikuwa jikoni na uani siku nzima. Hata Clementi mwenyewe alikuwa amefika mahali pabaya: akifumba macho alimwona Nyangi wa kitandani tu, yule wa siku za mwisho. Wa kabla ya hapo alikuwa hamwoni tena.

Akauliza kama hakuna nakala nyingine. Eufrasia alikwisha kuuliza. Ya akina Diana iliazimwa na majirani ikapotelea huko. Gody, mpiga picha wa Bunda aliyeirekodi, kompyuta yake ilikufa na kila kitu.

Clementi alikata simu, akaenda shambani kwa mwendo ambao watu walidhani ng'ombe wameingia.

Aliifahamu kwa ua jekundu lililochorwa juu yake, maana maandishi jua lilikuwa limeyala. Upepo uliipigiza kwenye mti miezi miwili. Ubavu wake wa kung'aa ulikuwa na mikwaruzo kama ukucha wa paka umepita. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akachukua laki tatu za pamba, akapanda gari la Musoma.

Eufrasia alimpokea akampeleka Iringo, kwenye maduka. Duka la kwanza lilikuwa la kijana anayeitwa Faustine, mwenye ulimi wa kuuza hata kivuli. Aliwaonyesha televisheni ya flati ya inchi thelathini na mbili, nyembamba kama sinia, inaonyesha simba mpaka unahesabu masharubu yake. Bei laki tatu na themanini. Eufrasia akamvuta baba yake pembeni akasema yeye ataongeza ile themanini. Angalau na wao wawe na kitu cha maana sebuleni, watu wakija wasiwacheke.

Clementi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama, anataka televisheni igeuzwe aone nyuma.

"Mzee wangu, kizuri kiko mbele," Faustine akasema.

"Mnadani Bunda hatununuagi ng'ombe kwa sura," Clementi akajibu. "Tunafungua mdomo, tunaona meno, tunainua mkia, halafu anatembezwa. Geuza."

Akageuza. Nyuma hapakuwa na yale matundu matatu, jekundu, jeupe na la njano, ya kuchomekea waya wa deki. Faustine akaeleza kwamba siku hizi deki zimepitwa, watu wanatumia flashi. Clementi akasema yeye hana mke kwenye flashi. Kijana akacheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha. Bila kuulizwa tena akapanda ngazi, akashusha kutoka juu ya kabati deki mpya iliyobaki, ndogo kama kitabu cha nyimbo, akaichomeka kwenye flati nyingine ndogo ya inchi ishirini na nne iliyokuwa na matundu.

Clementi akafungua kitambaa. Deki ikaimeza sidii, ikanguruma, ikanyamaza. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kizungu.

"Inasemaje?"

"Inasema hakuna sidii," Eufrasia akasoma.

"Nimeitia kwa mkono wangu. Na hii nayo imesomea ofisi ya umeme?"

Walijaribu mara tano. Wakaenda duka la pili, na la tatu. Hakuna sidii. Kwenye duka la tatu mwenye duka alisema sidii yenyewe ndiyo imekufa, wasizisingizie deki. Eufrasia akakaa kwenye ngazi ya duka akaangalia barabara. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba labda wachukue ile flati kubwa tu, waangalie taarifa ya habari kama watu wengine, mambo ya mama wamwachie Mungu. Alisema analipa leo, asibadilishe mawazo.

Clementi aliona jambo lilivyo. Akichukua ile ya simba, sebule itang'aa, na sidii itarudi shambani. Pesa ya pamba haitoki mara mbili kwa mwaka. Ulimi ulimwasha kutafuta wa kumlaumu, akawapitia wote, wa umeme, wa pamba, wa mafuta ya gari. Mwisho akaufikia mkono wake mwenyewe uliofunga ile kamba. Hapo ulimi ukatulia.

"Mama," akamwambia bintiye, "kila siku mnadani kuna ng'ombe mzee ambaye hakuna anayemtaka, na ndiye anayeijua njia ya maji. Nani hapa mjini anauza deki za zamani?"

Faustine ndiye aliyewaelekeza, ingawa haikuwa faida yake: fundi Renatus, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha mabati. Kibanda kilijaa redio zilizotumbuliwa matumbo. Renatus aliiinua sidii kwenye mwanga, akaigeuza, akauliza ilikuwa inalinda nini.

"Mtama," Clementi akasema.

"Wanazileta hapa kila mwaka. Za mahindi huwaga na afadhali kidogo."

Akaeleza taratibu, kama daktari asiye na haraka. Deki mpya za bei rahisi zina jicho dhaifu, zikikutana na mkwaruzo zinakata tamaa. Ile mizigo ya zamani, mizito, jicho lake lina subira. Akaiosha sidii kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akaipaka dawa ya meno, akaisugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Akarudia. Mara ya tatu akampa Clementi mwenyewe asugue. Clementi alisugua kama anampaka mtoto mafuta.

Kisha Renatus akavuta deki moja nyeusi, nzito kama tofali, yenye kona iliyobonyea. Elfu arobaini, akasema, na ikikataa hii sidii msinilipe.

Deki ilifikiri muda mrefu. Kwenye televisheni ya fundi, ile ya zamani yenye chogo nyuma, pakaja weusi, pakaja vidoa vidoa vya rangi, halafu kanisa. Diana na shela. Picha ikaganda, ikaruka, keki ikapita nusu. Ikaganda tena. Eufrasia alikuwa ameshika mkono wa shati la baba yake bila kujua. Renatus aliweka kidole juu ya kifuniko cha deki, akakibonyeza kidogo tu, ikaendelea.

Uani. Wageni wanakwenda kula. Nyangi anatokea kushoto na jagi na beseni, ananawisha watu mikono, kilemba kimeteleza kidogo. Mbele yake ameinama mwanamke mwenye kitenge cha kijani, ameipa kamera mgongo. Yule mwanamke anasema kitu. Nyangi anacheka. Anacheka kwa mwili wote, mpaka maji yanakosa beseni yanamwagikia viatu vya mwanaume aliyesimama jirani, na bado anacheka. Sekunde tisa. Sauti hakuna, maana Gody alikuwa ameweka muziki wa kwaya juu ya sehemu yote ile.

"Huyo," Clementi akasema. "Huyo ndiye."

Waliirudisha mara sita. Renatus alitoka nje kwenda kutafuta kitu ambacho hakurudi nacho.

Clementi akalipa deki. Wakarudi kwa Faustine, wakachukua ile flati ndogo yenye matundu kwa laki mbili na ishirini na tano, na Eufrasia ndiye aliyesema geuza tena, tuhakikishe. Yule kijana aliongeza waya bure. Njiani kwenda stendi walibishana mwanamke wa kijani ni nani. Eufrasia alisema mgongo ule ni wa Wankyo, jirani ya akina Diana. Clementi akasema Wankyo ni mnene zaidi, yule ni Wegesa aliyekuwaga kwenye kwaya. Na wakakubaliana kwamba mwenye viatu, kwa suruali ile na tumbo lile, hakuna mwingine ila Bernado.

Siku iliyofuata Clementi hakunyoosha kwenda Mugeta. Alishuka Butiama na maboksi yake mawili, saa tano asubuhi, akasimama mlangoni kwa Bernado kama mtu aliyepotea njia. Bernado alitoka na miwani mkononi. Amezeeka. Hawakusalimiana vizuri. Clementi alisema tu ana kitu cha kuonyesha, kama umeme upo.

Ulikuwepo. Deki ilifikiri, kanisa likaja, keki ikaruka. Nyangi akatokea na jagi lake. Mkewe Bernado aliziba mdomo kwa khanga. Bernado alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaviona viatu vyake vinalowa, akaweka mkono machoni, mabega yakamtikisika, na Clementi hakujua kama ni kilio au ni kicheko kile kile kimemwambukiza. Akamngoja mpaka amalize. Akairudisha picha nyuma, akaisimamisha pale pale mdomo wa Nyangi unapofunguka.

"Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa umesimama hapa hapa. Alikuwa anacheka nini?"