Utalipa Ukipata Nafasi

Mafundi wangu wananiita Pasi, na si kwa sababu najua kunyoosha nguo. Nikiwaka, anayenisogelea anaungua. Sikatai. Nimeshamfokea muuza vitambaa mbele ya wateja wake, nimemfokea mkaguzi wa zimamoto akiwa juu ya ngazi yangu, na marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba Mungu alimpa masikio mawili ili moja lipumzike wakati jingine liko kazini. Sasa mtu kama mimi amenaswa, na kilichomnasa ni upole. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nikikaa nalo linanikaba.

Mwaka jana kampuni moja ya ng'ambo iliniagiza aproni elfu sita za wahudumu wa hoteli. Kitambaa kizito cheusi, mifuko miwili, mkanda wa shingo wenye kifungo cha chuma. Karakana yetu ya cherehani kumi na mbili haikuwahi kuona oda kama hiyo. Kitambaa peke yake kilihitaji mkopo, na benki ikataka dhamana. Mimi sina hata kiwanja. Aliyekuwa na nyumba ni wifi yangu, dada wa marehemu: vyumba viwili na sebule, alivyovijenga kwa miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya hospitali. Nilimwendea nimejiandaa kumweleza mpaka jua lizame. Hakuningoja nimalize. Aliingia chumbani, akatoka na hati ndani ya mfuko wa plastiki, akaniwekea mapajani, akaenda kuinjika chai.

Tulishona miezi mitatu. Kontena likaondoka, likafika, wakatuandikia kwamba mzigo ni mzuri sana. Ankara ilisema siku thelathini. Zilipokwisha nikaandika, na bwana mmoja wa idara ya malipo akajibu kwamba hela zinatoka Jumatatu. Jumatatu ikaja, ikapita. Nikaandika tena, kwa ukali kidogo, akajibu: Jumatatu. Mafundi wakambatiza Bwana Jumatatu, na kila wiki fundi mkata vitambaa alikuwa akiniuliza, "Mama, ni Jumatatu ya wapi hiyo? Maana ya kwetu imeshapita." Tulicheka. Wakati huo bado tulikuwa na kicheko.

Kisha ikaja barua pepe tofauti na zote. Bwana Jumatatu aliandika kwamba mke wake amelazwa, kwamba anaandika akiwa kwenye kiti kando ya kitanda, nimsamehe kwa kuchelewa kujibu. Kile kiti mimi nakijua. Nilikikalia miezi minne, nikihesabu matone ya dripu, na kila aliyenipigia simu kunidai kitu wakati ule sijamsamehe mpaka leo. Nikakaa mbele ya kompyuta nikamjibu kwa Kiingereza changu cha shule: pole sana ndugu yangu, mtu kwanza, hela baadaye. Usijisumbue na ankara yetu wakati huu. Utalipa ukipata nafasi.

Nikaituma, nikajiona mtu mwema. Kati ya barua arobaini na moja nilizomwandikia, ni hiyo peke yake ambayo sikufoka.

Baada ya hapo kimya. Miezi mitano mizima, si Jumatatu wala Jumanne. Huku nyuma benki haikunyamaza. Nikaenda kwa wakili, ofisi iko ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, ukipanda ngazi kichwa kinaanza kuuma kabla hata hujamwona. Alikuwa na wenzake huko ng'ambo wanaofuatilia madeni, na ujira wao wanakata kwenye kitakachopatikana. Nikamwachia barua zote. Nikashuka zile ngazi mwepesi, nikamnunulia fundi mkata vitambaa soda.

Wiki ya tatu wakili akaniita. Mezani kwake kulikuwa na karatasi moja tu.

"Mama, hii umeiandika wewe?"

"Nimeandika."

"Kuna mtu aliyekulazimisha?"

"Nani wa kunilazimisha mimi? Mke wake alikuwa mgonjwa. Au alinidanganya?"

"Hakudanganya. Aliugua kweli, na amepona." Akavua miwani. "Kampuni haikatai deni, mama. Inasema tarehe ya kulipa umeiondoa wewe mwenyewe. Umeandika watalipa wakipata nafasi. Sasa wanasema nafasi bado hawajaipata."

Nilicheka. Nikamtazama, yeye hacheki.

"Lakini ile ni pole tu!" nikasema. "Mtu ameuguliwa, unamwambiaje? Unamwambia pole, lakini Ijumaa nataka changu?"

"Wenzetu wa ng'ambo wangemwambia hivyo hivyo."

Nilimfokea. Nilimfokea yeye, na kampuni, na shule iliyonifundisha Kiingereza. Akaningoja nipoe, kisha akasogeza karatasi nyingine. Njia ipo, alisema. Ni kiapo kifupi. Kwamba kwetu maneno kama yale huambiwa mtu mwenye shida kwa heshima tu, kama salamu, na kwamba mimi niliyeyaandika sikuyakusudia.

"Weka saini hapa chini."

Nikaisoma mara tatu. Sikuyakusudia. Uongo mkubwa! Niliyakusudia. Siku ile bwana yule angeingia karakanani ningemvutia kiti na kumpa maji. Ila nikisema niliyakusudia, basi nimeigawa nyumba ya wifi yangu kwa mtu nisiyemjua. Na nikisema sikuyakusudia, basi mimi ni mnafiki anayechezea mgonjwa wa mtu. Wakili akaangalia saa. Nikaweka saini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na njia nzima ya kurudi sikutaka mtu anisalimie.

Kiapo kilisaidia, kwa namna yake. Mahakama ya huko ilikubali kuisikiliza kesi, ikapanga siku. Miezi kumi na moja ijayo.

"Kesi yako ni nzuri," wakili akaniambia kwenye simu. "Tatizo ni kalenda."

Nikaenda benki kuomba miezi kumi na moja. Afisa mikopo, dada mpole wa kuniita mama kila baada ya maneno matatu, alinionyesha mkataba wangu. Nyumba ingepigwa mnada tarehe thelathini. "Mama, hapa pana tarehe," alisema, akaiwekea kidole. Nikafikiria kuuza cherehani. Nazo zimo kwenye mkopo. Nikafikiria kutafuta oda nyingine. Hakuna anayenikopesha kitambaa tena. Kuifunga karakana siwezi, mafundi wananidai mishahara ya miezi miwili. Kila mlango nilioushika ulikuwa umefungwa kwa funguo zangu mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo Bwana Jumatatu akafufuka. Aliandika kwa adabu nyingi. Kama tungeshona aproni nyingine elfu tatu, za mikono mirefu safari hii, kampuni ingelipa zote kwa pamoja. Alimalizia kwa kunijulisha kwamba mke wake anaendelea vizuri, na ananisalimu. Nilitoa tusi, cherehani zote zikasimama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema kwamba aliyekopesha ndiye atakayekaa matanga, huku mkopaji akimtumia salamu.

Jumamosi nikaenda kwa wifi. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, lakini benki ilikuwa imenitangulia. Tangazo la mnada lilikuwa limebandikwa mlangoni, nalo lilikuwa limepindapinda kwa gundi. Ndani nikamkuta amekaa chini, anafunga sahani kwa magazeti, moja moja, anazipanga kwenye boksi. Miaka ishirini na miwili namfahamu, sijawahi kusikia akipandisha sauti.

"Karibu, wifi. Pita, usikanyage glasi hizo."

Nikabaki nimesimama. Nikamweleza yote: barua, kiapo, miezi kumi na moja. Aliendelea kufunga sahani.

"Nifokee," nikamwambia.

"Nikikufokea utaipata hiyo hela?"

"Nifokee tu, wifi. Nakuomba."

"Usijitese, mwenzangu. Haya ni matofali. Nitakaa kwa mwanangu, ana kachumba pale nyuma. Utanijengea ukijaliwa. Wema hauozi."

Ukijaliwa! Damu ilinipanda kichwani. Nilijua hilo neno limetoka wapi na linampeleka wapi anayelisema. Kwa neno hilo angekaa kwenye hako kachumba mpaka azeeke, ananitetea kwa majirani, na mimi ningekuwa nakuja Jumamosi na sukari kilo moja.

"Usiniambie hivyo!" Sasa nilikuwa napiga kelele. "Mimi si mgonjwa! Nidai kama watu wanavyodaiana. Nipe tarehe!"

Nikatoka mlangoni, nikalibandua lile tangazo, likachanika pembe moja. Nikaligeuza upande mweupe, nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikapiga magoti mbele yake. "Taja siku. Siku yoyote unayotaka wewe. Taja, niandike."

Mikono yake ikasimama juu ya sahani. Aliniangalia, na uso wake ukabadilika pole pole, ukawa uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Kesho," akasema.

"Kesho nini?"

"Nyumba yangu naitaka kesho. Asubuhi." Sauti ikampasuka. "Nataka niamke kitandani kwangu nijue ni kwangu. Miaka kumi na tisa, wifi! Mikono yangu hii, itazame! Naitaka kesho. Andika, si umesema unaandika?"

Nikaandika. Kesho, asubuhi. Nikatia na jina langu chini. Akaichukua ile karatasi, akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia kifuani pale anapowekaga pesa. Kisha akafuta macho kwa kiganja na kurudi kufunga sahani, na mimi nikavuta gazeti nikamsaidia.