Waya wa Bwana Lamjed

Kompyuta iliyoongoza kinu cha zeituni cha Lamjed, nje kidogo ya Sfax, ilikuwa ikigoma ghafla mara mbili kwa wiki, na msimu ulikuwa umepamba moto. Kila ilipogoma, Lamjed alichomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena, na kila dalili ya hitilafu ikapotea. Mafundi wawili walishakata tamaa.

Sondes, fundi wa tatu, alitenga kipande kidogo cha kumbukumbu ambacho mashine haikifuti inapojiwasha upya, akaiagiza iandike humo yanayoipata kabla ya kugoma, na ijiwashe upya yenyewe kila ikiganda. Kisha akasubiri.

Jumatano adhuhuri skrini ikaganda. Lamjed akaurukia waya.

"Usiuguse!" Sondes akapaza sauti. "Umeme ukikatika, yote yanafutika. Iache ijiwashe yenyewe."

"Binti, zeituni zangu zinaoza huko nje!"

"Dakika moja tu, mjomba. Umechomoa msimu mzima, umepata nini?"

Lamjed akashika kiuno, anahema. Mashine ikajiwasha upya yenyewe, umeme haujakatika. Sondes alipofungua kile kipande, alikuta mistari arobaini, mizima kabisa. Wa mwisho ulitaja programu ya mzani wa kupimia magunia.

"Nimekukamata!" akapiga meza kwa kiganja.

Aliirekebisha kabla ya chai ya alasiri. Wiki tatu zikapita, kinu hakikusimama hata mara moja. Lamjed akamletea madumu mawili ya mafuta, akauliza kwa haya, "Kumbe mharibifu nilikuwa mimi?"

"Hapana, mjomba," Sondes akacheka. "Wewe ulikuwa unafuta ushahidi tu."