Sarafu Kwenye Mtungi wa Matango

Miaka kumi na mmoja Veniamin alikuwa akikusanya sarafu za shaba za Siberia, zile nzito za enzi ya Malkia Katerina, zenye wanyama wawili walioshika ngao. Alibakiwa na pengo moja tu: mwaka 1768. Rodion Lukich, jirani wa mtaa wa pili, alikuwa nazo mbili, na baada ya kubembelezwa kiangazi kizima alikubali kubadilishana moja na ya 1774 ambayo Veniamin alikuwa nayo ya ziada. Angefika Jumapili saa sita mchana.

Jumapili hiyo, saa tano na nusu, sarafu hiyo ya 1774 ilikuwa haionekani.

"Mama," Veniamin alimuuliza mama mkwe wake, Kapitolina Savelyevna, huku akijizuia, "umegusa kisanduku changu?"

"Nimechukua moja. Ile chafu kuliko zote, nikakuachia nzuri." Alionyesha mtungi wa kioo dirishani, wenye matango yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi. "Matango bila shaba yanapoteza ukijani. Hukufundishwa kwenu?"

Chafu! Rangi ile ya kahawia ilichukua miaka mia mbili na hamsini kukomaa. Veniamin alizamisha mkono mtungini, akaiopoa. Maji ya chumvi yaliyochacha yalikuwa yameichubua, ikawa nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.

Rodion Lukich alipofika aliitazama mara moja, akairudisha. "Hii imeshakufa, ndugu yangu. Siitaki."

"Basi kula kwanza," alisema Kapitolina, akimwekea viazi na matango.

Mgeni akala tango moja. Akala la pili, la tatu. Tangu mkewe afariki hakuwa amepata tango la namna hiyo. Alipoinuka alitoa ile ya 1768 mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Kapitolina. "Yako hii, mama. Mimi nifungie mitungi miwili ya matango."

Veniamin alisubiri mlango ufungwe. "Mama, hiyo nipe mimi."

"Kwa nini? Si umekasirika nimegusa yako? Hii ni yangu, na Jumamosi natengeneza nayo mtungi mwingine."

"Mama, nakuomba."

"Miaka tisa unalalamika matango yangu yana chumvi nyingi."

Veniamin alivuta sahani, akatafuna tango, akameza.

"Chumvi imekaa sawa, mama."

Kapitolina aliitia sarafu kwenye mfuko wa aproni. "Maliza sahani," alisema, "halafu tutazungumza."