Nafasi ya Ae-sim

Saa kumi alasiri, Bibi Pil-rye alikuwa jikoni kwake Gokseong, Korea, akimenya vitunguu saumu vya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, na mwanamke wa riwaya ya maktaba alikuwa akiosha vyombo. Alitoka katika riwaya ya zamani, kwa hiyo alijitanda kichwa na hakusema neno. Tangu Pil-rye aanze darasa la jioni la kusoma, akiwa na miaka sabini na minne, wanawake walikuwa wakitoka vitabuni kila alipovifungua. Wa zamani walitafuta kazi, na wakiikosa walilia. Wa riwaya mpya walikata nywele, wakaketi kwenye sakafu yenye joto, na hawakugusa hata kijiko.

"Bibi, kabichi yote hii ya nani?" mmoja wao aliuliza.

"Ya mwanangu, yuko Seoul."

"Hana mikono?"

"Anayo. Na mke anaye."

"Mikono minne hiyo, na bado unamenya wewe!"

Pil-rye alicheka. Hakuwa amecheka wiki nzima.

Shemeji yake, Gwang-seop, akabisha hodi. Alikuwa akikusanya majina ya toleo jipya la kitabu cha ukoo wa mumewe, kinachochapishwa kila baada ya miaka thelathini. Pil-rye alikuwa amejifunza kuandika kwa ajili ya siku hii. Alimpa karatasi: *Ae-sim, binti.* Ae-sim alifia katika bweni la kiwanda cha viatu, Busan, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Mwandiko mzuri, shemeji," alisema Gwang-seop. "Ila binti huandikwa kwa jina la mumewe. Mumewe nani?"

"Hakuolewa."

"Sasa nimwandike chini ya nani?"

"Chini yangu."

"Wewe mwenyewe umeandikwa ukoo wa baba yako tu, jina hamna. Chini yako hapaandikiki kitu."

Alirudisha karatasi, akaruka miguu ya wanawake waliokaa sakafuni, akawaomba radhi, akaenda zake.

Wa zamani walilia. Yule mwenye nywele fupi aliyemchekesha akavaa viatu.

"Amezikwa wapi?"

"Majivu tuliyamwaga mtoni. Msichana asiyeolewa hachimbiwi kaburi."

"Riwaya yetu ina watu wachache. Tutampitia."

Alhamisi, Pil-rye alimkuta Ae-sim ukurasa wa mia moja na kumi na mbili wa riwaya yao. Alikuwa mezani, anakula tambi kabla ya mwanamume yeyote kuketi, anamsema msimamizi wake wa kiwandani huku mdomo umejaa. Pil-rye alisoma kwa kidole, polepole, akamshukuru Mungu, akasoma tena. Ae-sim hakuinua macho. Watu walio vitabuni hawawaoni wasomaji.

Kitabu cha ukoo kilifika majira ya kupukutika majani, majalada mawili mazito. Mume wa Pil-rye alikuwamo, mwanawe alikuwamo, na mjukuu wa kiume. Alikipangusa, akakiweka kabatini pamoja na sahani za matambiko.

Muda wa kuazima riwaya ulikuwa umekwisha. Maktabani, mkutubi alimwambia, "Bibi, sasa inapendwa sana. Kuna foleni."

"Foleni ya kina nani?"

"Kina mama wa umri wako tu. Kila mmoja ana ukurasa wake."

Pil-rye akairudisha. Alichukua kalamu, akaandika jina lake kamili kwenye orodha ya wanaosubiri. Alikuwa wa arobaini na moja.