Sauti ya Chumba Kitupu

Ukizoea kupiga kelele "Kata!" kutwa nzima nyuma ya kamera, watu watakusahau jina. Ndivyo alivyopata kuitwa Bi Kata, kazini hadi nyumbani, na mwenyewe akaridhika, maana lipo jina gani zuri kuliko lile ulilolitolea jasho?

Siku ya tamasha la filamu za wanawake wa kanda nzima, Bi Kata hakuwa ametia kitu tumboni na viatu vipya vilikuwa vinamng'ata. Koridoni, watengenezaji filamu wenzake kutoka nchi za jirani walikuwa wakikumbatiana na kupigana vijembe kuhusu nani ataondoka na tuzo. Yeye tuzo wala hakuiwazia. Macho yake yalikuwa mlangoni, akimsubiri mama yake.

Mama huyo ni fundi wa makochi. Mletee kochi limetoboka tumbo, springi zimechomoza kama mbavu za punda, atakurudishia limenona mpaka uone haya kulikalia. Filamu ilikuwa inamhusu yeye, mkono wake na karakana yake. Lakini kazi ya bintiye hakuwahi kuipenda. Aliiita kazi ya kuchungulia watu, na kukubali kurekodiwa alikubali baada ya kubembelezwa kama bibi harusi aliyesusa. Bi Kata alitaka jambo moja tu duniani: mama akae kiti cha mbele, ajione ukuta mzima, kisha atamke kwa mdomo wake kwamba mwanangu hukupotea njia.

Wakaja. Mama mbele na kilemba chake cha sherehe, nyuma yake Mama Mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, kabeba mikoba ya wote wawili. Mama Mdogo ndivyo alivyo, mtu wa kubeba. Hata wakati wa kurekodi ndiye aliyekuwa anashika nyaya na kumfukuza kuku asipite mbele ya kamera.

Mama alikaa, akabonyeza mto wa kiti, akakunja uso. "Hiki kiti kimeshonwa na mlevi."

"Mama, nakuomba, leo usikague viti."

"Nisikague? Hebu tazama mshono huu, umeenda kombo kama njia ya mbuzi!"

"Mwache, dada," Mama Mdogo akasema huku anacheka. "Mtoto mwenyewe roho iko juu."

Sasa nisimame kidogo niwaeleze jambo la kazi ya Bi Kata, la sivyo mtanipotea njiani. Watu wa filamu hawatumii ukimya mtupu. Sauti ikikatika kabisa, mtazamaji hudhani spika zimekufa. Kwa hiyo hurekodi chumba kikiwa hakina anayesema, feni inavuma, mlango unalia kidogo, na ukimya huo wenye uhai ndio wanaoutandika chini ya picha. Wanauita sauti ya chumba. Bi Kata, pamoja na kelele zake zote, alisahau kuirekodi. Alipokaa kuhariri akakumbuka ile siku aliyotoka karakanani kwenda kununua betri, akamwacha mama na kile kipaza sauti kidogo kimebanwa kifuani, hakijazimwa. Akafungua faili. Kwenye kompyuta mstari wa sauti ulikuwa umelala karibu kabisa, mawimbi madogo madogo tu. Basi hicho ndicho kimya chenyewe, akasema, akakikata, akakitandika chini ya picha ndefu ya mwisho, mikono ya mama ikishona. Hakukisikiliza, alikiangalia. Na alipokuja kuipitia filamu yote, ni kwa vile vispika vya kompyuta visivyoweza kumwamsha hata mtoto mchanga. Jamani, toka lini sauti ikaangaliwa kwa macho?

Taa zikazimwa. Mama akatokea ukutani na nyundo mkononi, ukumbi ukampokea kwa vigelegele. Kila alipofungua mdomo watu walikufa kwa kicheko. Pale binti alipomuuliza kutoka nyuma ya kamera, "Mama, siku niliyozaliwa ilikuwaje?" mama wa ukutani akajibu, "Ilinyesha. Nipe hiyo sindano nene," na watu wakapiga makofi. Bi Kata alimchungulia mama wa kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu! Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Hatusikii huku! Ongezeni sauti!"

Fundi mitambo akaongeza. Bi Kata akamshukuru kimoyomoyo, masikini, hajui anachoshukuru.

Ikaja ile picha ya mwisho. Mikono, sindano, uzi. Feni ilisikika ikivuma kila kona ya ukumbi, kisha mtu akavuta pumzi.

"Dada, nimechoka." Ilikuwa sauti ya Mama Mdogo, ya kunong'ona, imejaa ukumbi mzima.

"Umechoka nini? Shika hapo nivute uzi," mama naye akanong'ona.

"Nimemzaa mimi. Nilimnyonyesha nyuma ya jiko kwa kujificha, wewe umesimama unanilindia mlango. Leo nashika nyaya zake, naitwa Mama Mdogo."

"Punguza sauti."

"Hayupo, kaenda kununua betri."

"Tulikubaliana. Wewe ulikuwa mwanafunzi, mimi nilikuwa sijajaaliwa. Akijua, mimi nitabaki na nani? Sina mwingine, mdogo wangu. Sina."

Mikono ukutani ikaendelea kushona, kisha picha ikafifia.

Na akili ya binadamu ina vituko, maana wazo la kwanza lililomjia Bi Kata ni kwamba sauti imetoka safi, haina hata mkwaruzo. La pili hakuliwahi, kwa sababu ukumbi ulilipuka. Watu walisimama. Walipiga makofi, wengine wanafuta machozi, jaji mmoja kajishika kichwa kwa mikono miwili. Walidhani ndivyo ilivyotungwa! Walidhani ni ufundi.

Mama aligeuka taratibu. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

"Umeniua mbele za watu," alisema. "Ulishindwa nini kuniuliza nyumbani?"

"Mama, wallahi sikujua!"

"Hukujua? Si umeikata wewe? Si umeiunga wewe?"

Mshereheshaji, mwanamke mchangamfu wa gauni la kumetameta, alishafika, akamshika Bi Kata mkono, akamvuta jukwaani huku makofi hayajaisha. Mama Mdogo alikuwa bado amekumbatia mikoba yote miwili.

"Ujasiri gani huu!" mshereheshaji akatangaza. "Dada zangu, nani kati yetu angethubutu? Hebu tuambie, siri hii uliijua lini, na uliwezaje kuificha hadi mwisho?"

Akamwekea kipaza sauti mdomoni. Bi Kata alitazama chini, kwenye kile kiti alichokililia mama akikalie.

"Sasa hivi," akasema.

"Samahani?"

"Nimejua sasa hivi. Pamoja na ninyi. Ile sauti niliiweka nikidhani ni kimya."

Mshereheshaji alianza kucheka, kisha kicheko kikamkwama. Makofi yakapungua safu kwa safu mpaka yakaisha. Mtu mmoja akasema "Yarabi!" na kila mtu akamsikia. Mshereheshaji wa watu, kwa kukosa la kufanya, akashika lile alilozoea.

"Basi... basi tumwombe mama apande jukwaani."

Kwenye kiti cha mbele, yule mkubwa akamsukuma mdogo wake begani. "Nenda."

"Hapana, dada, nenda wewe."

"Nimesema nenda. Umengoja vya kutosha."

"Siendi. Wewe ndiye uliyemlea."

Bi Kata aliwasikia wote wawili. Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya kanda nzima na hakuyajali. Alitaka kumtoa mmoja hofu bila kumwumiza wa pili, ila lugha yote iliyomo kichwani ilimpa neno moja tu.

"Mama," akaita.

Wote wawili wakamtazama, kisha wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kuinuka.